Nilisomea Ualimu, Nikavusha Watu

Mwezi uliopita nilimkabidhi mwenzenu Tadei upondo wangu wa kusukumia mtumbwi, nikapanda ukingo wa mto na kwenda nyumbani kulala. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mke wangu alidhani naumwa. Tangu siku hiyo ninyi vijana wa kivukoni mmekuja mara tatu kunitaka niandike jinsi nilivyoanza kazi, kwa kuwa kati yetu sote ni mimi peke yangu niliyefundishwa kuandika vizuri, na ujuzi huo sikupata kuutumia. Basi naandika. Sitasema nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Hayo yalikuwa machache na hayakunifundisha kitu. Nitasema nilivyoingia katika kazi hii bila kuijua, nikiwa na cheti cha kazi nyingine mfukoni.

Nilizaliwa upande wa Mahenge, kwenye vilima, mahali ambapo mto mkubwa kuliko yote unauruka kwa hatua moja. Mapadre walinichukua nikiwa mdogo kwenda shule ya misheni huko pwani. Nilikaa miaka minane. Nilifundishwa kusoma, hesabu, kuimba Kilatini, na mwishowe ualimu wenyewe: namna ya kusimama mbele ya darasa, namna ya kushika chaki isilie ubaoni, namna ya kumnyamazisha mtoto mtukutu kwa kumwita jina lake. Nikapewa cheti chenye muhuri, nikaambiwa nirudi kwetu, kuna shule inanisubiri.

Nilitembea na msafara kwa zaidi ya wiki tatu. Nilipofika, shule haikuwapo. Kulikuwa na nguzo sita, na mbili kati ya hizo mchwa walikuwa wameshazimaliza. Padri aliyeanza kuijenga alishikwa na homa, akarudishwa pwani. Nadhani tulipishana njiani, yeye amebebwa kwenye machela, mimi natembea kwa miguu, wala hakuna aliyemjua mwenzake.

Nilikaa nyumbani miezi miwili nikila ugali wa mama. Mwezi wa tatu mama alianza kuniuliza kila asubuhi kama cheti kinapikwa au kinachomwa. Nikaenda bomani kuomba kazi.

Wakati huo ni Wajerumani waliotawala, na bwana mkubwa wa boma alikuwa mtu mrefu mwenye Kiswahili kizuri kuliko changu. Aliangalia cheti, akakigeuza, akaangalia nyuma yake kana kwamba kuna kitu nimeficha.

"Umewahi kufanya kazi gani?"

"Nimesomea ualimu, bwana."

"Sikuulizi umesoma nini. Nakuuliza umefanya nini."

"Bado, bwana."

"Bado," akasema, kama mtu anayeonja neno. "Karani ninaye. Mkalimani ninaye. Walimu ni shauri la mapadre." Akatazama ramani ukutani. "Pale kivuko cha Ifakara hakuna mtu anayejua kusoma. Watu wanavuka na barua za watu wengine, na wavushaji hawajui. Utakwenda huko, utasoma barua za ruhusa."

"Bwana, mimi sijui kuogelea."

"Sijakuajiri kuogelea."

Akaandika barua fupi, akaifunga kwa muhuri wa lakiri, akasema nimpe mkuu wa kivuko.

Mkuu wa kivuko alikuwa Mzee Ngwila, Mndamba, mtu mfupi mwenye mabega mapana na sikio moja lililochanika. Nilimkuta ukingoni akichonga upondo mpya, na wavushaji wanane wamekaa wakimtazama. Nyuma yake niliuona mto Kilombero kwa mara ya kwanza bila msafara wa kunizuia macho. Ulikuwa mpana kuliko uwanja wa misheni, una rangi ya chai yenye maziwa, na ulikwenda bila kelele. Nilitamani ungurume kidogo, nijue umekasirika au la.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa boma?"

"Nimeleta barua."

"Isome."

Nikavunja lakiri, nikaanza kusoma kwa sauti ya darasani, kama nilivyofundishwa. "Kwa mkuu wa kivuko. Mtu huyu amesoma sana. Hajui kazi yoyote. Hajui mto. Mpe la kufanya."

Ningeweza kubadilisha maneno. Pale hakuna aliyejua herufi hata moja. Ningeweza kusema barua inanifanya msimamizi wao wote. Lakini nilishatamka "hajui" mara mbili kabla akili haijanifikia.

"Rudia hapo pa kutojua," akasema Mzee Ngwila.

Nikarudia. Wavushaji wakacheka, na mmoja wao, kijana mwenye umri kama wangu aitwaye Mtandiko, alicheka hadi akajilaza kwenye mchanga. Mzee Ngwila hakucheka.

"Umeisoma yote?"

"Yote, mzee."

"Hukuruka neno?"

"Sikuruka."

"Basi utakumba maji. Jina lako?"

"Severini."

"Gumu hilo. Tutakuita Mwalimu."

Ninyi mnaovusha magari juu ya mitumbwi iliyounganishwa kwa mbao hamjui kukumba maji ni nini, kwa hiyo nieleze. Mtumbwi wa gogo moja huingiza maji kila wakati, kwa nyufa, kwa mawimbi, kwa miguu ya abiria. Mtu mmoja hukaa chini, katikati, na kibuyu kilichokatwa, akiyatoa. Ukikaa hapo huoni mbele, huoni nyuma, unaona magoti ya watu. Nilikumba maji miezi minne. Barua za ruhusa zilikuja moja kwa wiki, wiki nyingine hata hiyo moja hakuna. Nilizisoma vizuri sana, kisha nikarudi kwenye kibuyu changu.

Mtandiko ndiye aliyenifundisha kuogelea. Njia yake ilikuwa kunitupa majini karibu na ukingo kila jioni na kunishauri kutoka nchi kavu. Pia ndiye aliyeniambia niache kuvaa shati la misheni kazini, maana likilowa linavuta. Alikuwa mtu wa kucheka, na miguu yake ilikuwa imekaa kwenye mtumbwi kama ya kunguru kwenye tawi.

Upondo nilifundishwa na Mzee Ngwila mwenyewe. Siku ya kwanza nilisukuma kwa nguvu zote, mtumbwi ukazunguka mahali pamoja.

"Unasukuma nini?" akaniuliza.

"Maji, mzee."

"Maji yatakusaidia nini? Sukuma chini. Tafuta ardhi kwanza, kisha sukuma."

Siku ya pili niliipata ardhi, ikawa ya tope, na upondo ukanasa. Mimi nikaushikilia. Mtumbwi ukaendelea na safari yake, nikabaki katikati ya mto nikining'inia kwenye mti kama nguo ya kuanikwa. Mzee Ngwila alinifuata taratibu sana. Alipofika chini yangu akasema, "Upondo ukinasa, uachie. Beba mwingine ndani ya mtumbwi. Msituni miti haijaisha." Mpaka leo mtu akija kuomba kazi hapa kivukoni humwuliza kwanza ana pondo ngapi.

Nilijifunza kuingia majini juu sana ya mahali unapotaka kutokea, na kutogombana na mkondo. Nilijifunza njia za viboko, mahali wanapolala mchana na mahali wanapopandia kwenda kula, na kwamba ukiwaona ni afadhali uchelewe. Nilijifunza kumfunga mbuzi miguu kabla hajakuahidi kutulia. Mwanzoni niliandika kila kitu kwenye daftari, vina vya maji na mahali pa magogo, lakini baada ya mvua moja mafungu ya mchanga yalihama yote, daftari langu likawa la mto mwingine. Nikaacha kuandika.

Jambo jingine nililojifunza lilikuja kutufaa baadaye. Kiangazi, mtumbwi usio na kazi hauachwi juani, kwa sababu mvule hupasuka. Huzamishwa. Tuliijaza mitumbwi tope na mawe, tukaizamisha kwenye mkono wa mto uliofunikwa na matete, na ilipohitajika tuliitoa ikiwa mizima.

Basi nilikuwa hapo, mwaka haujaisha, ninaruhusiwa kuvusha mtumbwi mtupu na mara moja nilivusha mbuzi wawili na mwenye mbuzi, ndipo habari za maji ya dawa zilipotufikia.

Zilikuja na wapita njia, kwa sauti ya chini. Kulikuwa na dawa, ni maji, ukinyunyiziwa au ukiyanywa, risasi ya Mdachi haikuingii. Watu walikuwa wamechoka na kodi, na mashamba ya pamba ya lazima, na kupigwa. Mtandiko alikuwa na kaka aliyefia kwenye kazi ya barabara. Alikwenda siku mbili, akarudi amebadilika. Hakucheka tena, lakini hakuwa na huzuni. Alikuwa kama mtu aliyeshamaliza kufikiri.

"Mwalimu," aliniambia, "wewe umesoma vitabu vyao. Vinasema nini juu ya dawa hii?"

"Havisemi lolote. Havikuijua."

"Basi hawajui kila kitu."

Nilimwambia naogopa. Akasema naye anaogopa, ndiyo maana amekunywa.

Siku chache baadaye, asubuhi, walifika. Walikuwa watu zaidi ya mia, wamefunga mabua ya mtama kichwani, na mikuki, na magobore machache. Walikuwa wanakwenda Mahenge kulivamia boma. Walitaka mitumbwi yote. Na kiongozi wao, mtu mwembamba mwenye macho mekundu ya kutolala, alitaka kitu kingine.

"Tumesikia hapa kuna mtu wa boma. Mtu wa barua."

Nilikuwa nimesimama wima kabisa, kosa langu la kwanza, kwa sababu wavushaji wote walikuwa wamekaa. Mzee Ngwila hakuinua macho kutoka kwenye kamba aliyokuwa akiisokota.

"Huyo ni mvushaji wangu," akasema.

"Ametoka pwani. Wamemvika nguo."

"Alikuja na nguo. Sasa unaiona?"

Sikuwa nimevaa ila kitambaa kiunoni. Nilimshukuru Mtandiko moyoni kwa ule ushauri wa shati. Yeye alikuwa upande wao sasa, na mabua yake kichwani, anatazama mchanga.

Kiongozi akanisogelea. Akanishika mikono, akavigeuza viganja vyangu. Vilikuwa na sugu, lakini changa. "Kama ni mvushaji," akasema, "atavusha. Atanivusha mimi na watu wangu kumi na wawili, peke yake. Akituzamisha, tutajua alikuwa wa nani."

Niwaambie ukweli, sijawahi kuogopa vile tena, na baadaye nilipata sababu nyingi za kuogopa. Mtumbwi mkubwa ulihitaji watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Nilimtazama Mzee Ngwila. Alichukua upondo wake mwenyewe, ule mrefu, akanipa. Kisha akachukua wa pili, akauweka ndani ya mtumbwi.

Waliingia wamesimama. Mtumbwi ukaanza kuyumba kabla sijausukuma. Nilijua tukifika kwenye mkondo namna hii tumekwisha. Nikasikia sauti yangu, ya darasani, ile niliyofundishwa miaka minane na sikuwa nimemwamuru mtu nayo hata siku moja:

"Kaeni chini wote!"

Wakanitazama. Kiongozi pia.

"Baba, huko nchi kavu wewe ndiye mkubwa," nikasema. "Humu ndani anayesimama ni mmoja tu."

Alikaa. Walipomwona amekaa, wakakaa wote, mikuki magotini. Nikaupandisha mtumbwi kandokando ya ukingo, juu, juu zaidi, mpaka mmoja akauliza kama nawapeleka Masagati. Nikatafuta ardhi, nikasukuma. Katikati ya mto ardhi ikapotea. Ni pale penye kina, mnapajua, upondo unashuka wote na hakuna kitu. Mwili wangu wote ulitaka kupapasa maji. Nikausimamisha upondo, nikaacha mkondo utuchukue, nikahesabu kama ninavyohesabu kwenye wimbo, na nilipofika kumi na saba upondo ukagusa mchanga. Sijui kwa nini nakumbuka ni kumi na saba. Nikasukuma, nikasukuma, tukaingia kwenye matete ya ng'ambo mbali sana na kivuko.

Kiongozi alishuka, akatazama nyuma tulikotoka. "Umepinda sana," akasema.

"Ndiyo, baba. Lakini hukulowa."

Alinitazama, kisha kitu kikalegea usoni mwake. Siwezi kukiita kicheko. Akaondoka. Mimi nikakaa kidogo kwenye mtumbwi, kisha nikaugeuza kurudi.

Nilikwenda na kurudi mara tano siku ile, na wenzangu vilevile. Safari ya mwisho nilimvusha Mtandiko. Alikaa mbele, akinipa mgongo. Tulipofika akashuka, akausukuma mtumbwi wangu kutoka kwenye tope, kama tulivyokuwa tukisaidiana kila siku.

"Sasa unajua, Mwalimu," akasema.

Hakurudi. Mtu mmoja aliyeponea pale aliniambia alianguka mbele ya boma, mahali ambapo bunduki za mfululizo zilikuwa zinafyeka. Nimeishi miaka mingi na jambo hilo. Ni mimi niliyemvusha. Mzee Ngwila aliniambia nisingemvusha angeogelea, na najua ni kweli, maana ndiye aliyenifundisha. Lakini hakuogelea, alivushwa.

Habari za kushindwa zilipofika, watu wa upande wetu walianza kukimbilia ng'ambo na watoto na kuku. Tuliwavusha kwa siku mbili bila kupumzika. Kisha Mzee Ngwila akasema, "Tuzamishe." Tukaijaza mitumbwi tope na mawe, yote tisa, tukaizamisha kwenye matete. Wenzetu wakaenda kwa familia zao. Tulibaki wawili, na pondo zetu tukazifukia mchangani.

Askari walifika siku ya tatu. Aliyewaongoza alikuwa shaushi, yaani sajini, mwenye masharubu, anayetembea kama viatu vinambana.

"Mitumbwi iko wapi?"

"Imezama, afande," nikasema.

"Yote?"

"Yote tisa."

"Wewe ni nani?"

Nikampa barua ya boma, ambayo nilikuwa nimeitunza ndani ya kibuyu kikavu. Alitazama muhuri kwa heshima, kisha akanirudishia. "Soma."

Nikasoma kama ilivyoandikwa. Mtu huyu amesoma sana. Hajui kazi yoyote. Hajui mto.

Shaushi akatazama mto, akanitazama mimi. "Boma linaajiri watu kama hawa," akasema, si kwa kuniuliza. Akamgeukia Mzee Ngwila, ambaye tangu asubuhi alikuwa amepatwa na uziwi wa ghafula na alijibu kila swali kwa habari za mgongo wake.

Sikusema uongo hata mmoja siku ile, na mapadre wangefurahi, ila kama wangeuliza zaidi. Hata hivyo nilipigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, kwa kuwa shaushi alikuwa na hasira na hapakuwa na mtu mwingine wa kupigwa. Baada ya hapo nikawa nawajua viboko wa aina zote mbili, na nawaambieni yule wa mtoni ana sababu zake. Askari walikata migomba na matete, wakaunga vyelezo. Vilichukua siku tatu na viwili vilifumuka. Walipofika ng'ambo walichoma nyumba, wakachoma na maghala, mtama na mpunga wote. Watu hawakuwapo. Walikuwa wameingia kwenye mabwawa na vilimani, na watoto wao wazima.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa njaa. Sitaandika mengi juu yake. Wenzetu waliporudi tulitoa mitumbwi majini, tukaanza kuvusha. Watu wa upande huu walidhani ng'ambo kuna chakula, watu wa ng'ambo walidhani kiko huku. Tuliwavusha wote, wakapishana katikati ya mto bila kusemezana, kila mmoja akimtazama mwenzake aone kama amebeba kitu. Walikula mizizi ya mayungiyungi na viazi vya mwituni viitwavyo ndiga, vilivyolowekwa siku tatu kutoa sumu. Mzee Ngwila aliweka sheria moja, kwamba mwenye njaa hasubirishwi ukingoni. Wale ambao hawakuweza kukaa tuliwalaza katikati, mahali pa mkumba maji.

Masika ilipokuja, mto ulifurika hadi kwenye mashamba. Mzee Ngwila alikuwa amelala na homa. Mchana mmoja akaja mama mmoja, Mama Lusia, amebeba mtungi uliozibwa kwa udongo. Aliuweka chini kama mtu anayelaza mtoto.

"Nivushe, mwanangu."

"Mama, leo havuki mtu. Tazama."

Mto ulikuwa unabeba miti mizima na majani yake.

"Nimeutazama tangu jana," akasema. "Humu ndani ni mbegu ya mpunga. Nimeifuata kwa ndugu zangu Masagati, kule moto haukufika. Watoto wangu wako ng'ambo, na majirani nyumba nane. Hawana mbegu hata ya kuonyesha. Wiki hii isipopandwa, ni mwaka mwingine tena kama huu."

Wenzangu walitazama pembeni. Nilikuwa wa mwisho kuajiriwa kati yao, lakini Mzee Ngwila alipolala walikuwa wameanza kuniuliza mimi. Sikujua ni lini jambo hilo lilianza. Nikamwuliza yule mama:

"Unajua kukumba maji?"

"Sijui."

"Utajifunza humo humo."

Tulikuwa wawili na mtungi. Nilianzia mbali juu, penye mkuyu. Katika robo ya kwanza upondo ulinasa kwenye kitu kilichozama. Nikauachia, nikachukua wa pili. Gogo lilitupiga ubavuni, maji yakaingia hadi magotini mwa Mama Lusia, naye akayatoa kwa kibuyu, mkono mmoja, kwa maana wa pili ulikuwa umekumbatia mtungi. Nikamwambia atumie yote miwili. Akasema hapana. Hatukubishana, hapakuwa na nafasi. Tulitupwa kwenye matete yaliyofunikwa na maji, mbali kuliko nilivyowahi kutupwa, nikashuka, maji kifuani, nikaubeba mtungi kichwani hadi nchi kavu. Pale akatoboa udongo kwa kidole, akaingiza mkono. Ulitoka na punje zimeshikamana kwenye vidole, kavu. Alikaa chini akalia. Nami nikarudi majini kuufunga mtumbwi kwenye matete.

Niliporudi kesho yake, Mzee Ngwila alikuwa ameketi, amefunikwa shuka.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Hakuna, mzee."

"Uliingilia wapi?"

"Penye mkuyu."

"Mimi ningeingilia juu zaidi kidogo," akasema, akalala tena. Nimewahi kupewa barua za sifa na maofisa wa serikali mbili. Hakuna niliyoisoma mara nyingi kama nilivyolirudia neno hilo.

Nyumba zile nane zilivuna. Kisha wakawagawia mbegu wengine.

Miaka miwili mitatu baadaye akafika padri mpya. Alivuka na mizigo yake, na katikati ya mto akaniuliza kama ni kweli nina cheti cha ualimu. Alikuwa amejenga shule kwenye vilima vyetu, na paa, na mabenchi, na watoto wapatao thelathini. Mwalimu hana.

"Umefundishwa miaka minane," akasema. "Ni hasara kubwa kukuona hapa."

Nilimwambia nitakwenda kuona. Mzee Ngwila aliposikia akasema, "Nenda. Ile ndiyo kazi yako." Alisema akitazama pengine.

Nikaenda. Nilisimama mbele ya darasa asubuhi nzima. Chaki haikulia. Watoto walikuwa hodari, wakanijibu kwa pamoja, na mmoja wao alikuwa na kicheko cha kumlaza chini kama cha Mtandiko, ikabidi nigeukie ubao kwa muda. Nilifundisha vizuri, nasema bila aibu. Lakini mchana niligundua kwamba kila nilipomaliza sentensi nilikuwa natazama dirishani, upande wa bonde, mawingu yalikokuwa yakikusanyika, nikifikiri nani yuko kwenye mtumbwi wa pili na kama amebeba upondo wa akiba.

Nilimwambia padri sitaweza. Alikasirika kwa upole, kama wanavyofundishwa. Akaniuliza kama sioni uchungu kwa masomo yangu. Nikamwambia nilidhani nitauona, na nimekuja siku nzima kuutafuta. Baadaye alipata mwalimu mwingine, mtu mzuri, ambaye nimemvusha mara nyingi na hatujawahi kuoneana wivu.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mmeshaisikia kwa wengine, pamoja na vita vya wazungu wenyewe kwa wenyewe na kuondoka kwa Wajerumani. Nitamalizia na asubuhi moja kabla ya hayo yote.

Nilikuwa napakia abiria, wanawake na mitungi yao na mtu mmoja na baiskeli aliyokuwa akiibeba zaidi kuliko ilivyombeba. Mzee Ngwila akaja na fimbo na kifurushi chake. Alikuwa anakwenda ng'ambo kwa binti yake, akakae huko. Hakuwa ameniambia. Nilimpa nafasi nyuma, mahali pake, na nikamnyooshea upondo. Hakuuchukua. Aliingia polepole akiwashika watu mabega, akakaa katikati, kati ya mama mmoja na mtungi wake, uso ameuelekeza kwenye magoti ya watu.

Nikausukuma mtumbwi. Jua lilikuwa linapasha moto. Tulipopandisha kandokando ya ukingo nilikuwa nangoja aseme neno, nimekwenda juu mno, au sijatosha. Hakusema. Tulipofika penye kina nikatazama, nikaona kichwa chake kimeinama. Nilishtuka. Yule mama akaweka kidole mdomoni mwake kunionya. Alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, na mkono wake mmoja umening'inia nje, vidole vikigusa maji.

Nilivusha taratibu kuliko siku zote. Abiria hawakulalamika. Tuligusa mchanga wa ng'ambo, wakashuka mmoja mmoja kwa uangalifu, hata yule wa baiskeli, na mzee bado amelala. Nilikaa ukingoni mwa mtumbwi nikamngoja.

Alipofumbua macho alitazama pande zote mbili, kama mtu asiyejua mto ni upi.

"Tumeshavuka?"

"Tumevuka, mzee."

Akatafuta fimbo yake, nikamshika mkono hadi nchi kavu. Alisimama kidogo akijinyoosha mgongo, akatazama tulikotoka.

"Nimelala," akasema, kwa mshangao, kisha akachukua kifurushi chake na kupanda ukingo.